Nesi na Tunda Asilolijua

Ukitaka kumkasirisha Nesi, ungemwambia tu kwamba tunda fulani halina neno kwa sababu ndege wanalila. Angeweka chini chochote alichokishika, angekutazama kwa juu ya miwani, kisha angekuuliza kwa upole kama wewe una manyoya.

Sote tulimwita Nesi. Jina alikuwa nalo, tena lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kibao mlangoni pake, lakini upepo wa Voi na vumbi lake jekundu vilikuwa vimeshafuta nusu, na hakuna aliyejisumbua kuulizia nusu hiyo. Hata barua zake zilikuja zimeandikwa Nesi, Voi, na zikafika.

Nilimkuta mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuja kuwa mke wa karani wa reli na mwalimu wa darasa la kwanza, yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa miba, ule wenye vimaua vya manjano na waridi kwenye kichala kimoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyeitwa haraka. Viatu vyeupe vya kazi alivivaa mpaka kwenye banda la kuku, hata vikashika rangi ya matofali, naye akaendelea kuviita vyeupe.

Nyumba zetu zile za wafanyakazi zilikuwa na jambo lake. Watu walihamishwa kila mara. Leo jirani yako ametoka Machakos, mwakani ni wa Kisumu, anayefuata ni wa Malindi, na kila aliyehama aliacha nyuma mti au mche aliouleta kutoka kwao. Aliyeingia baada yake alikuta nyuma ya jiko kuna kitu kinazaa, kizuri, chekundu au cheusi, na hakuna wa kumuuliza. Basi alimuuliza Nesi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Haikuwa ya dispensari wala ya serikali. Ilimwangukia tu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea watu baada ya kula.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ukimletea tunda peke yake alikurudisha. Alitaka tawi zima: jani, ua kama lipo, tunda bichi na tunda bivu. Akishalipata alilikalisha mezani kama mgonjwa na kuanza kuuliza maswali. Nani unayemjua kwa jina anayekula hili? Analila bichi au bivu? Anakula na mbegu au anatema? Kama hukuwa na mtu wa kumtaja, na yeye mwenyewe hakuwa na mtu, alisema neno moja, "Sijui," akakurudishia tawi lako.

Wageni walidhani hapo kesi bado haijaamuliwa. Wenyeji walijua imekwisha. Sijui ya Nesi ilikuwa hapana, tena hapana isiyo na rufaa.

Siku moja alikuja bwana mmoja aliyekuwa akitafuta mawe ya thamani kule Kishushe. Alileta kofia imejaa matunda ya kijani yenye madoa. Alieleza kwa kirefu jinsi alivyowatazama nyani asubuhi nzima wakiyala, na jinsi nyani alivyo jamaa wa karibu wa binadamu. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama kesho yake alirudi kuwatazama nyani wale wale wameamkaje. Bwana yule alikiri kwamba hakurudi. Nesi akamwambia basi arudi, akishawaona waje wote pamoja. Yule bwana alicheka, akayamwaga matunda kwenye jaa la taka, akabaki kunywa chai.

Na chai ya Nesi ilikuwa kitu kingine. Mwanamke huyu aliyechunguza kila tunda kwa nusu saa alitia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja, baada ya kushinda kutwa akiwakanya watu juu ya sukari. Alinunua mandazi stesheni kutoka kwenye sinia lisilofunikwa, akayala palepale huku akipunga nzi kwa mkono wa pili. Aliwahi kununua chupa ya dawa kwa mchuuzi aliyekuja na ngoma na nyoka sandukuni, dawa ya kutibu mgongo, meno na kesi za mashamba. Nilipomuuliza ni nani anayemjua kwa jina aliyepona, alisema nyoka alikuwa mzuri.

Sindano nazo. Alikuwa amedunga nusu ya mji ule, na wazee walimsifu kwa mkono wake mwepesi. Lakini ilipokuja zamu yake ya kuchanjwa, ilibidi wawepo washikaji wawili, mmoja wao mimi, na mhudumu kijana aliyeshika sindano alitetemeka kuliko yeye. Ilipokwisha Nesi alimpongeza yule kijana, akamwelekeza alipokosea, kisha akaenda kukaa kivulini kwa muda mrefu.

Kuhusu neno lake lile la sijui, alinieleza asili yake mara moja tu, tukichambua kunde. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwenzake wa wodini alimwonyesha tunda la nyuma ya bweni na kumuuliza kama linaliwa, maana yeye alikuwa mtoto wa milimani na watu wa milimani wanajua matunda. Daktari alikuwa amesimama karibu, akisikiliza. Nesi aliona haya kuonekana hajui. Alisema ndiyo. Yule mwenzake alilazwa kwenye wodi ileile aliyokuwa akiihudumia, akatapika siku mbili. Alipona, wala hakuwahi kumlaumu, na Nesi alisema hilo la kutolaumiwa ndilo lililomchoma zaidi. Tangu hapo, aliniambia, haya yake aliimaliza yote siku ile, hakubaki na nyingine ya kutumia.

Hapo ndipo niseme habari ya mama mkwe wangu.

Nilikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi mitano, na hamu yangu yote ilikuwa ya kitu kichachu. Mama alikuja kutoka Mahoo kunisaidia. Kule kwao kuna maji, kuna ndizi na kila namna ya tunda, naye alijihesabu kuwa mwenye elimu hiyo. Alikuwa mama mrefu, mtaratibu, aliyesema Kiswahili kizuri kuliko sisi sote, na mimi nilimwogopa kwa ile hofu ya heshima ambayo haina sababu wala dawa. Alichotaka nilifanya kabla hajamaliza kukitaka.

Nyuma ya jiko letu, palepale ua wa miba ulipoishia, palikuwa na mti ulioachwa na aliyetutangulia. Ulizaa vitunda virefu kidogo, vyenye chembechembe, vyekundu halafu vyeusi. Vilidondokea kwenye nguo zangu nilizoanika na kuacha doa lisilotoka. Mwaka mzima sikuwahi kuonja hata kimoja, kwa sababu Nesi nilishampelekea tawi na alishasema sijui.

Mama alipougundua mti ule, wiki ya pili, alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Alisema hizo ni forosadi, kwamba mamake alikuwa akizifanya juisi, na kwamba ni kitu cha mwenye mimba hasa, kinatia damu. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba Nesi hazijui. Mama aliniuliza kama huyo Nesi ndiye aliyemzaa mume wangu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilirudi kutoka shule nikakuta kikapu kimejaa na bakuli la juisi nyeusi mezani. Alikuwa ameziponda, ametia sukari, amekwisha kunimiminia kikombe. Alinikalisha, akanipa mkononi, akasema, "Bismillahi, mwanangu, kunywa."

Nilikishika kile kikombe. Nakumbuka uzito wake. Nikikataa, nimemwambia mama wa mume wangu usoni kwamba ni mwongo au mjinga, naye amesafiri kwa ajili yangu. Nikinywa, sinywi peke yangu. Nilisimama nikasema juisi inataka kuchujwa, nikatoka hadi kwenye ua, nikaita kwa sauti kubwa, "Nesi, niazime chujio."

Chujio langu mwenyewe lilikuwa linaning'inia dirishani, na Nesi alikuwa analiona kutoka kwake. Hakuuliza kitu. Alikuja mbio, mikono mitupu.

Nilijua Nesi hana ulimi wa kubembeleza. Aliwahi kumwambia mwalimu mkuu wetu, mbele ya wageni, kwamba pumzi yake inanuka jino bovu. Nikaomba Mungu moyoni, sijui niliomba nini hasa, nadhani niliomba wanaume wasiwe karibu wakasikia.

Alimsalimu Mama vizuri, akamwita Mama Karani, akaketi. Aliulizia safari, akaulizia mvua ya Mahoo. Kisha akasema amesikia leo kuna tunda asilolijua, na yeye ni mtu wa kupenda kufundishwa. Akaomba ungo. Alimwaga kikapu chote kwenye ungo, akauweka katikati yao wawili, akamwomba Mama amwonyeshe forosadi ikoje.

Mama alianza kuonyesha. Alichukua moja, akaibingirisha kwenye vidole, akaeleza utamu wake na jinsi inavyokaa kwenye kikonyo. Akachukua nyingine, nyingine. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake ndipo nilipoona. Kwenye ungo kulikuwa na matunda ya namna mbili. Yale marefu ya mti wetu, na mengine madogo, ya mviringo, yaliyoshikana kwenye kichala, meusi vilevile. Hayo yalikuwa ya ule ua wa miba, ambayo Nesi hakumruhusu hata mtoto kuyaonja. Ulikuwa umepanda ukajisokota ndani ya matawi ya mti, na Mama alichuma yote pamoja. Na sasa alikuwa akiyaokota yote pamoja, moja baada ya jingine, na kila moja aliliita forosadi. Hakuwa akiyatazama. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi.

Nesi naye aliona. Nilimwona akiona. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Nilingoja aseme, maana ndivyo alivyokuwa, lililomjia lilitoka.

Alisema, "Mama Karani, mimi mwanafunzi wako nina ombi. Hizi zimekwisha kuponyoka mikononi mwangu, nimezichafua. Tuzimwage zote, na hiyo ya kikombe imeingia nzi. Kesho nitachuma mimi, wewe unisimamie, uone kama nimejifunza."

Mama alifurahi sana. Alisema watu wenye kazi za ofisi huwa hawapendi kufundishwa, lakini Nesi ni mtu. Juisi ikamwagwa. Kikombe nilikiosha mara tatu.

Alipotoka nilimsindikiza hadi kwenye ua. Aliuendea ule mti, akavuta tawi la miba lililokuwa limejipenyeza ndani yake na kulivunja. Kisha akaniambia polepole, "Tunda lake huenda ndilo. Hakukosea tunda. Macho ndiyo yanamkosesha."

Nilisema mbona tumekaa naye wiki mbili na sikuona kitu. Lakini nikisema hivyo nilianza kuona. Alivyomimina chai kidole kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Alivyomwita mume wangu kwa jina pale tu aliposikia viatu vyake. Alivyoacha kushona, akasema ameichoka sindano. Nilimuuliza Nesi kwa nini hakumwambia palepale. Alinijibu kwamba mtu akiambiwa siku moja kwamba amekosea na kwamba haoni, atatafuta moja la kukataa, mwishowe atakataa yote mawili.

Lililofuata lilimchukua wiki nzima, na kila Mama alipoikumbusha ile kesho, Nesi alisingizia kazi. Kwanza alilipeleka tawi la mti, na jani na tunda bichi na bivu, kwa afisa wa kilimo, ambaye alilitambua. Hakutosheka. Akalipeleka kwa bibi mzee wa Kihindi, mama wa mwenye duka la vitambaa, ambaye hakujua Kiswahili kingi lakini alipoliona alichuma tunda moja bivu kabla ya kuulizwa na kulitia kinywani. Nesi alisubiri hapo dukani, akanunua mita mbili za kitambaa asichokihitaji, akarudi siku ya pili kumwona bibi yule ameamkaje. Alikuwa ameamka vizuri, akamwomba mengine.

Ndipo Nesi akaja kwetu asubuhi ya Jumamosi, akiwa amekwisha kata miba yote ya upande ule kwa panga. Alichuma yeye. Mama alisimamia kwenye kiti, akielekeza, na kila tunda Nesi alilitazama kwanza upande wa ncha na upande wa kikonyo. Mama alisema Bismillahi akala la kwanza. Nesi akala la pili, akakunja uso, akaulizia sukari. Mimi nilipewa la tatu. Lilikuwa tamu na chachu kwa pamoja, na nililia, jambo ambalo wote wawili waliliweka kwenye hesabu ya mimba.

Habari ya macho aliipitishia mlango wa nyuma. Alimwambia Mama kwamba miwani yake imemchosha, anataka kwenda kupimwa Mombasa, na anaogopa hospitali za watu kama asiyewahi kufanya kazi hospitali. Amsindikize. Mama, aliyeona huruma, alikubali. Walipanda treni pamoja na kikapu cha chakula cha watu sita. Huko, kwa kuwa wamefika, na kwa kuwa daktari hana kazi nyingi siku ile, Mama naye akatazamwa. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua jicho moja kwanza. Nesi alitumia likizo yake yote ya mwaka akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali, na sikumsikia kuitaja tena.

Mama aliporudi na miwani minene kama vitako vya chupa, alisimama mlangoni petu akatazama kuta zote nne. Kisha akasema nyumba hii yafaa ipakwe chokaa. Halafu akanitazama mimi, akasema, "Kumbe u mtoto mdogo hivi," na tangu siku hiyo ile hofu yangu ikaniisha. Mtoto alizaliwa akiwa na kilo za kutosha na kelele za kuzidi. Mama alikaa nasi mwaka mzima, akashona nguo zote za mtoto kwa mkono.

Kama alijua hila ile ya ungo, hakusema. Yeye na Nesi walikuwa marafiki wa kugombana, wa kukaa kila mmoja upande wake wa ua na kubishana juu ya chumvi. Nilimsikia Mama akimwambia mgeni kwamba Nesi ni mwanafunzi mzuri ila mgumu kuelewa.

Miaka ilikwenda. Mume wangu alipandishwa cheo, hatukuhamishwa, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Nesi alistaafu, akapanda kwenda Ronge, milimani kwao, kwenye shamba alilokuwa akilisema siku zote kama watu wanavyosema mbinguni. Tuliandikiana mara mbili, kisha tukaachiana salamu kwa wasafiri.

Katikati ya miaka ya themanini nilitumwa Ronge kusimamia mtihani katika shule moja, na ulipokwisha siku ya pili nilikuwa na saa tatu kabla ya basi. Niliulizia kwa Nesi nikaonyeshwa njia na watu watatu kwa pamoja. Baridi ilikuwa nzuri. Nilimkuta kwenye kilima chake kati ya mihindi na migomba, amekonda kidogo, amesuka nywele, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Tulikumbatiana. Aliniuliza watoto wako wangapi, na kabla sijajibu alitokea mzee mmoja nyuma ya nyumba na msumeno mkononi, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri.

"Huyu ni mume wangu," alisema Nesi, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha choo kiko wapi.

Nilimtazama mzee, nikamtazama Nesi. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na katika miaka yote ya Voi hakuna aliyewahi kumwona akimkaribisha mwanaume ila mgonjwa. Mzee alikuwa seremala mjane wa kijiji cha pili. Alikuja kutengeneza mlango, Nesi alinieleza baadaye, na mlango ukachukua miezi minne.

Tulikaa tukala. Mzee alisimulia jinsi alivyoezeka paa la kanisa wakati wa upepo, hadithi ndefu yenye mbao nyingi. Alirudi nyuma mara mbili kusahihisha urefu wa boriti. Nilingoja Nesi amkatize, kama alivyomkatiza karibu kila mtu niliyemjua, wakiwamo madaktari. Hakumkatiza. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, anasikiliza, na pale palipochekesha alicheka sekunde moja kabla, kwa hiyo nilijua haikuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

Saa zilipokwisha alinisindikiza mpaka barabarani. Tulishuka tukizungumza habari za waliokufa na waliohama. Basi lilionekana mbali likipanda na vumbi lake. Akanishika mkono.

"Mwalimu, watu wa Voi usiwaambie kwanza."

Nilimuuliza kwa nini, ni jambo la furaha.

"Watakuja wote kumtazama," alisema, "na mimi mwenyewe bado sijamaliza."

Nilimwahidi kwa moyo wote, na nilikuwa na nia kabisa ya kutimiza. Nilifika Voi saa kumi na moja. Kufika saa kumi na mbili wanawake wa mtaa mzima walikuwa uani kwangu, wanapanga nani atapanda Ronge Jumapili na nani atabeba mchele.